Kupanga muda wa mpigo ndani ya chipu: mwongozo kamili kwa anayetaka saketi yake iende kasi

Kule Busia nilikokulia, siku ya kumwaga zege la ghorofa watu hupanga mstari kuanzia chini kwenye mchanganyiko hadi juu, na karai zinapita mkono kwa mkono. Mmoja anaongoza kwa sauti. Akiita, kila mtu anampa wa mbele yake karai aliyo nayo na kupokea nyingine kutoka nyuma. Mstari huo huharibika kwa namna mbili. Ama mwito unatoka kabla karai haijakufikia, ukamgeukia mwenzako mikono mitupu. Ama wa nyuma ana pupa, anasukuma karai mpya kabla hujaiachia ya kwanza, na zege linamwagika.

Chipu inafanya kazi vivyo hivyo. Rejista, yaani vihifadhi vidogo vya data, ndio watu, data ndiyo karai, mpigo wa saa ndio mwito. Kosa la kwanza tunaliita la setapu: data lazima ifike na kutulia kabla ya mpigo. La pili ni la holdi: data ya zamani lazima ishikiliwe kidogo baada ya mpigo, mpya isiivamie. Mengine yote katika mwongozo huu yanatoka kwenye haya mawili.

Ninaandika kwa ajili ya kikundi chetu kidogo cha Wandegeya, Kampala, na kwa yeyote aliyeko Arua, Kasese au Mbarara mwenye kompyuta ya mkononi na hamu ya kubuni chipu. Zamani jambo hili lilikuwa la makampuni makubwa tu. Mwaka 2020 Google na SkyWater walifungua hadharani kifurushi cha usanifu cha teknolojia ya nanomita 130, na tangu 2022 mradi wa Tiny Tapeout umewawezesha wanafunzi na wapenzi wa fani kuweka saketi ndogo kwenye chipu ya pamoja. Programu zinazohitajika ni za bure: Yosys kwa usanisi (kugeuza msimbo kuwa mageti, saketi ndogo kabisa za mantiki), OpenROAD na OpenLane kwa upangaji na upitishaji wa nyaya, OpenSTA kwa hesabu za muda. Kifurushi chenyewe ni kizito, kwa hiyo sisi hupakua mara moja na kugawana kwa flashi.

Karibu kila anayejiunga huuliza kwanza, "Itafika megahezi ngapi?" yaani mipigo milioni ngapi kwa sekunde. Namjibu kwamba aanze kwa kuuliza nanosekunde zake zinatumika wapi. Kasi ya saketi haiongezwi kwa kuandika namba kubwa kwenye faili. Inaongezwa kwa kufanya hesabu ya muda kama unavyohesabu pesa za matumizi ya nyumba, senti kwa senti.

Mfano nitakaoutumia ni kipande tulichokijenga kwa ajili ya kuchuja picha: kizidishi cha biti 16 kwa 16, kikifuatwa na kijumlishi kinachoongeza jibu kwenye kilimbikizi, rejista inayotunza jumla, cha biti 40. Namba nitakazozitaja ni za kipande hicho, nimezikadiria hadi tarakimu mbili za desimali. Zako zitakuwa nyingine, hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Amua unahitaji kasi gani

Usiruke hatua hii. Kipima joto cha shambani hakihitaji megahezi 100. Hata kilohezi chache zinakitosha. Kila mpigo unajaza na kumwaga chaji kwenye nyaya na mageti, na nguvu inayotumika hupanda sambamba na masafa, pia kwa mraba wa volti. Chipu ya Alpha 21064 ya kampuni ya DEC, iliyotoka mwaka 1992 ikikimbia kwa megahezi 200, ilitumia karibu asilimia 40 ya nguvu zake kwenye kusambaza saa peke yake. Kama chipu yako itaishi kwa betri au kwa paneli ndogo ya sola, kasi usiyoihitaji unailipia kila sekunde.

Sisi tulihitaji zidisho moja kila nanosekunde 10, yaani megahezi 100. Namba hiyo ilitoka kwenye ukubwa wa picha na idadi ya picha kwa sekunde. Hatukuichagua kwa sababu ni namba nzuri.

Hatua ya 2: Iambie programu ukweli

Programu ya kuchambua muda haijui nia yako. Inajua ulichokiandika kwenye faili la masharti. Faili letu la kwanza lilikuwa hivi:

create_clock -name saa -period 10 [get_ports clk]
set_clock_uncertainty -setup 0.25 [get_clocks saa]
set_clock_uncertainty -hold 0.10 [get_clocks saa]
set_input_delay 2 -clock saa [get_ports data_in*]
set_output_delay 2 -clock saa [get_ports data_out*]

Mstari wa kwanza unataja kipindi cha saa kwa nanosekunde. Wa pili na wa tatu ni akiba ya wasiwasi. Mipigo haifiki kwa usawa kamili: mmoja unawahi kidogo, mwingine unachelewa kidogo, na kutikisika huko huitwa jita. Kabla mti wa saa, yaani mtandao wa kusambaza mpigo, haujajengwa, akiba hiyo inabeba pia makisio ya tofauti za kufika. Miwili ya mwisho inaeleza dunia ya nje: data inafika mlangoni nanosekunde 2 baada ya mpigo, na aliyeko nje anahitaji yake nanosekunde 2 kabla ya mpigo unaofuata.

Wengi huacha mistari ya mlangoni. Wakiiacha, njia zote zinazoingia na kutoka hazikaguliwi, ripoti inakuja safi, halafu chipu inakosana na kila kifaa kinachounganishwa nayo. Ripoti haina kosa hapo, kwa sababu haikuulizwa.

Mti wa saa ukishajengwa, ongeza amri ya set_propagated_clock [all_clocks] ili hesabu zitumie nyakati halisi za mpigo kufika kwa kila rejista badala ya kudhani zote zinausikia kwa pamoja. Halafu punguza akiba ya wasiwasi, maana sehemu yake sasa imeshahesabiwa waziwazi.

Hatua ya 3: Soma ripoti mstari kwa mstari

Hapa ndipo ninapomkalisha kila mgeni, na hatuondoki mpaka aweze kuihesabu kwa mkono. Ndani ya OpenSTA andika report_checks -path_delay max, nayo itakuonyesha njia iliyo na hali mbaya kuliko zote. Hii ndiyo yetu ya kwanza, kwenye kona ya polepole, yaani transista dhaifu, volti 1.60, nyuzi 100 za joto. Nimeifupisha na kuipa majina ya Kiswahili:

Mpigo unafika kwa rejista ya kutuma: 0.62
Rejista inatoa data: 0.58
Kizidishi: 8.45
Kijumlishi: 2.90
Data inafika: 12.55

Mpigo unaofuata: 10.00
Mpigo unafika kwa rejista ya kupokea: 0.55
Toa akiba ya wasiwasi: 0.25
Toa muda wa setapu: 0.15
Data inatakiwa kufika kabla ya: 10.15

Salio: −2.40

Salio ni lile tulijualo kwenye simu: ukiwa nalo chanya unaendelea, likiwa hasi umekwama. Data yetu inachelewa kwa nanosekunde 2.40. Maana yake kipindi cha chini kinachowezekana ni 10 kujumlisha 2.40, yaani nanosekunde 12.40, sawa na karibu megahezi 80.

Sasa tazama jedwali hilo kama mwenye duka anavyotazama daftari lake la matumizi. Rejista imekula 0.58, na hiyo huwezi kuikwepa. Tofauti ya saa kati ya mtumaji na mpokeaji ni 0.07 tu. Akiba na setapu kwa pamoja ni 0.40. Kizidishi peke yake ni 8.45. Kuhangaika na mti wa saa hapa kungekupa kama 0.07, na nimewaona watu wakipoteza wiki nzima hapo hapo. Dawa iko kwenye kizidishi na kijumlishi.

Angalia pia namba mbili za jumla. Amri ya report_wns inatoa salio baya kuliko yote, na report_tns inajumlisha madeni yote. Deni kubwa moja lenye jumla ndogo ni njia moja mbaya. Unaishughulikia peke yake. Deni dogo lenye jumla kubwa ni saketi nzima iliyochoka, na hapo muundo wenyewe unahitaji kufikiriwa upya.

Hatua ya 4: Kata njia ndefu kwa rejista

Kama karai inatakiwa kupanda mita kumi kati ya mwito mmoja na mwingine na mtu mmoja hawezi, unaweka mtu wa pili katikati. Kwenye chipu unaweka safu ya rejista katikati ya njia. Karai ya kwanza itachelewa kufika juu kwa mwito mmoja zaidi, lakini tangu hapo karai moja inafika kwa kila mwito, na miito inaweza kuja haraka zaidi.

Tuliweka rejista kati ya kizidishi na kijumlishi. Tukichukulia nyakati za saa zimebaki zilezile, hatua ya kwanza sasa ni 0.62 + 0.58 + 8.45, yaani 9.65, na salio lake ni +0.50. Hatua ya pili ni 0.62 + 0.58 + 2.90, yaani 4.10, na salio ni +6.05. Lengo la megahezi 100 limetimia.

Lakini ona jinsi mzigo ulivyokaa vibaya. Mmoja anahema, mwingine anakaa kivulini. Kama ungetaka kwenda mbele zaidi, ungesogeza rejista hiyo iingie ndani ya kizidishi. Kazi yote ya mantiki ni 11.35, ukiigawa sawasawa kila hatua inapata kama 5.68, na kipindi kinaweza kushuka hadi karibu nanosekunde 6.73, sawa na megahezi 148. Kusogeza rejista bila kubadilisha jibu la saketi kuna kanuni zake rasmi. Charles Leiserson na James Saxe walizichambua tangu miaka ya 1980, na kazi yao kamili ilichapishwa mwaka 1991. Programu za usanisi zinaweza kusogeza zenyewe, ingawa mimi hupenda kuifanya kwa mkono kwenye Verilog, lugha ya kuandikia saketi, ili yeyote atakayesoma msimbo baadaye aone rejista iko wapi.

Kuna mpaka usiovukika hapa, na ni vizuri uujue kabla hujachoka. Kilimbikizi kinajijumlishia chenyewe: jibu lake linarudi kwenye kijumlishi kwa ajili ya mpigo unaofuata. Njia hiyo ni duara. Ukiweka rejista ya ziada ndani ya duara, namba inayorudi itakuwa ya mpigo wa juzi na hesabu itaharibika. Kusogeza rejista kamwe hakubadilishi idadi ya rejista zilizomo ndani ya duara. Kwa hiyo duara letu linahitaji angalau 0.58 + 2.90 + 0.15 + 0.25, yaani nanosekunde 3.88, hata tufanye nini na kizidishi. Kuanzia hapo dawa ni kubadilisha kijumlishi chenyewe, kwa mfano kwa kuweka kile kinachoacha vibebwa (zile moja tunazobeba tukijumlisha) pembeni bila kuvipitisha biti hadi biti, kisha kuvijumlisha mara moja mwishoni.

Na hili usilisahau: kila ishara inayosafiri pamoja na data icheleweshwe kwa idadi ileile ya mipigo. Ukiongeza rejista kwenye njia ya data ukaacha biti ya "data hii ni halali" ipite njia ya zamani, biti itafika mpigo mmoja kabla ya data yake. Ripoti ya muda haitaona kosa lolote. Utaliona kwenye jaribio la uigaji, kama umeliandika.

Hatua ya 5: Mti wa saa, na kuchelewesha kwa makusudi

Mwito wa kiongozi unawafikia walio karibu kabla ya walio juu. Ndani ya chipu, waya una ukinzani na uwezo wa kushika chaji, na ucheleweshaji wake hupanda kwa mraba wa urefu: waya ukiwa mara mbili, kuchelewa ni mara nne. Ndiyo maana mpigo husambazwa kwa mti wa bafa, vikuza ishara vidogo, shina likigawanyika kuwa matawi na matawi kuwa vijiti, kila rejista ikiwa mbali na shina kwa umbali unaokaribiana na wenzake. Bafa zinaukata waya mrefu vipande, na kuchelewa kunapanda sambamba na urefu tu. Tofauti ya kufika kati ya rejista mbili huitwa skyu. Amri ya report_clock_skew itakuonyesha iliyo kubwa kuliko zote.

Watu wengi hufundishwa kwamba skyu ni adui na inapaswa kuwa sifuri. Mimi sikubaliani. Skyu inayoathiri ni ile iliyopo kati ya rejista mbili zinazopeana data; kati ya mbili zisizojuana haina madhara kwa data. Na skyu iliyopangwa inaweza kukusaidia. Tazama tena hatua zetu mbili: ya kwanza ina salio 0.50, ya pili ina 6.05. Tukiuchelewesha mpigo wa rejista ya katikati kwa nanosekunde 1, kizidishi kinapata muda zaidi na salio linakuwa 1.50, huku la pili likishuka hadi 5.05. Kipindi kinaweza kutoka 9.50 hadi 8.50, yaani kutoka kama megahezi 105 hadi 117, bila kugusa mstari hata mmoja wa Verilog. John Fishburn alionyesha mwaka 1990 jinsi ya kuutafuta mpangilio bora wa ucheleweshaji huo kwa njia ya hesabu. Tulipoujaribu sisi, tulikutana na hatua inayofuata.

Kabla ya hapo, onyo moja la haraka. Ukitaka kuzima saa ya sehemu isiyotumika ili kuokoa nguvu, usiipitishe kwenye geti la kawaida la NA (AND). Ishara ya kuzima ikibadilika katikati ya mpigo, geti litatoa kipande cha mpigo, na rejista zitapokea mwito usiokuwepo. Tumia seli maalumu yenye lachi, kishikilia ishara, ndani yake. Kwenye maktaba ya SkyWater, yaani mkusanyiko wake wa seli zilizo tayari, ni sky130_fd_sc_hd__dlclkp_1.

Hatua ya 6: Holdi, kosa lisiloponywa kwa kupunguza mwendo

Chipu yenye deni la setapu bado ina maisha. Punguza megahezi, itafanya kazi. Chipu yenye deni la holdi haisikii dawa hiyo, kwa sababu kipindi cha saa hakimo kabisa kwenye hesabu yake. Data mpya inakimbizana na mpigo uleule ulioituma, na unaweza kuuweka mpigo unaofuata hata baada ya sekunde nzima, mbio hizo hazibadiliki. Ndiyo maana mimi hukagua holdi mwisho kabisa, nikiwa nimetulia, na sisaini ripoti nikiwa na deni hata la pikosekunde 10.

Holdi hukaguliwa kwenye kona ya haraka: transista zenye nguvu, volti 1.95, nyuzi 40 chini ya sifuri. Kampala haitafika huko kamwe, lakini kona hiyo inawakilisha pia chipu zilizotoka kiwandani zikiwa na kasi kuliko kawaida. Andika report_checks -path_delay min.

Sasa ile nanosekunde 1 tuliyoichelewesha. Kwenye kona ya haraka bafa zilezile zinachelewesha 0.40 tu. Kizidishi chetu kina njia ndefu sana, kweli, lakini kina pia njia fupi mno: biti ya chini kabisa ya jibu ni zao la biti mbili za chini za namba zinazozidishwa, yaani geti moja la NA. Basi hesabu ni hii:

Mpigo kwa rejista ya kutuma: 0.25
Rejista inatoa data: 0.22
Geti la NA: 0.09
Data mpya inafika: 0.56

Mpigo kwa rejista ya kupokea, pamoja na kuchelewa: 0.65
Muda wa holdi: 0.02
Akiba: 0.10
Data mpya haitakiwi kufika kabla ya: 0.77

Salio: −0.21

Kabla ya kuchelewesha, salio lilikuwa +0.19. Biti moja kati ya 32 ilitosha kuiharibu kazi yote. Nilipoiona ripoti hiyo ilikuwa saa nane usiku, umeme ulikuwa umerudi baada ya kukatika jioni nzima, na nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu, maana ilinionyesha kitu ambacho nilikuwa nimekisoma tu: njia ndefu na njia fupi zinaweza kuishi kati ya rejista zilezile mbili, na kila unachompa mmoja unamnyima mwingine.

Dawa ni kuichelewesha njia fupi peke yake kwa kuweka bafa au seli za kuchelewesha kwenye waya wa data, bila kugusa njia ndefu. Maktaba ina seli kama sky130_fd_sc_hd__dlygate4sd3_1 kwa kazi hiyo, na OpenROAD huziweka yenyewe inapotengeneza holdi. Katika OpenLane unaweza kuongeza akiba kwa kigezo cha PL_RESIZER_HOLD_SLACK_MARGIN. Usiikuze ovyo: kila seli inakula nafasi, na kwenye eneo dogo la Tiny Tapeout nafasi inakwisha upesi. Mara nyaya zote zikishapita na urefu wao halisi kujulikana, rudia ukaguzi wa setapu na holdi kwenye kona zote tatu, ya polepole, ya kati na ya haraka. Ripoti ya kabla ya nyaya ni makisio tu.

Hatua ya 7: Saa mbili ndani ya chipu moja

Sisi Waafrika Mashariki tunaijua shida hii tangu utotoni. Mwambie mtu mkutane saa mbili bila kusema ni ya Kiswahili au ya Kizungu, na mmoja wenu atasubiri saa sita. Chipu yenye saa mbili zisizofuatana ina shida kubwa zaidi, maana tofauti yao haibaki ileile.

Kamera tuliyoitumia ilikuja na saa yake. Kihesabu cha safu, chenye biti 12, kilikimbia kwa saa ya kamera, nasi tukakisoma kwa saa yetu. Ripoti ikajaa madeni kati ya saa hizo mbili. Nikaandika set_false_path, amri ya kusema njia hizo zisikaguliwe, madeni yakatoweka, nikaridhika. Tulipojaribu kwenye bodi ya FPGA, chipu ambayo saketi yake hupangwa upya utakavyo, kabla ya kutuma chipu, picha zilitoka na mistari iliyohama, hapa na pale, bila mpangilio. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeizuia programu isilalamike bila kuondoa sababu ya malalamiko.

Sababu ni hii. Kutoka 2047 kwenda 2048, biti zote 12 zinabadilika kwa wakati mmoja: 011111111111 inakuwa 100000000000. Ukisoma katikati ya badiliko hilo, unaweza kupata sifuri, 4095 au namba yoyote ya katikati. Tulihamia kwenye msimbo wa Gray, ambao kati ya namba moja na inayofuata ni biti moja tu inayobadilika; ukikosea, unakosea kwa hatua moja. Halafu kila biti ikapita kwenye flipflopu (rejista za biti moja) mbili mfululizo za saa yetu kabla ya kutumiwa. Flipflopu ya kwanza inaweza kukutwa na data ikibadilika na kuyumba, isijue ni sifuri au moja. Ya pili inaipa mpigo mzima wa kutulia. Thomas Chaney na Charles Molnar walionyesha kwa vipimo mwaka 1973 kwamba kuyumba huku ni jambo la kweli na hakuondoki kabisa. Uwezekano wake ndio unaoshuka, tena kwa kasi sana, kadiri unavyoipa flipflopu muda zaidi.

Baada ya kuyafanya hayo ndipo unapoandika set_clock_groups -asynchronous kati ya saa hizo mbili. Lakini hakikisha pia kwamba biti za msimbo wa Gray hazitofautiani kwa kuchelewa zaidi ya kipindi cha saa inayotuma, ama sivyo mabadiliko mawili yanaweza kufika pamoja. Amri ya set_max_delay inaweza kuweka mpaka huo, ila set_clock_groups huifuta njia kwenye ukaguzi wote, kwa hiyo njia za kihesabu ziandikie masharti yake peke yake.

Kuhusu njia zinazopewa mipigo miwili, nitasema kidogo. Kama una hakika data inabadilika kila baada ya mipigo miwili, andika set_multicycle_path 2 -setup, na chini yake moja kwa moja set_multicycle_path 1 -hold kwa njia hizohizo. Ukiusahau mstari wa pili, ukaguzi wa holdi unasogea mpigo mzima mbele na programu itajaza njia bafa zisizohitajika. Na kila msamaha wa aina hii unaouandika, andika kando yake kwa maneno kwa nini ni wa kweli. Nikikuta msamaha usio na maelezo kwenye faili la mwanafunzi, ninaufuta na kumwomba anishawishi upya.

Hatua ya 8: Chipu ikifika mezani

Anza na saa ya polepole kabisa, kilohezi chache, na uhakikishe majibu yote ni sahihi. Kisha panda taratibu ukirudia jaribio lilelile kila mara, mpaka ukutane na jibu la kwanza lililokosewa. Shusha volti kidogo, rudia. Pandisha ndani ya mipaka inayoruhusiwa, rudia. Chora jedwali: volti upande mmoja, megahezi upande mwingine, alama ya vyema pale ilipopita na ya kukosa pale ilipokwama. Mpaka kati ya alama hizo ukipanda pamoja na volti, unatazama setapu ikifanya kazi kama ulivyoihesabu. Makosa yakiwa yaleyale kwenye kilohezi chache kama kwenye megahezi 100, rudi kwenye ripoti ya holdi, na uanze na biti ambazo njia zao ni geti moja.

Kando ya kila namba andika joto la chumba na saa uliyopima. Kipimo cha saa nane mchana chini ya paa la bati na kile cha saa tatu usiku havitalingana, na bila joto lake kuandikwa hutaweza kujua tofauti imetokana na chipu au na chumba.

Mwisho, tafuta biti ya kwanza kukosea. Kwenye chipu yetu ingetakiwa kuwa moja ya biti za juu za zao, mwisho wa njia ya 8.45. Fungua tena ripoti yako ya kona ya kati, weka kidole kwenye njia yake, na ulinganishe kipindi ulichokipima na kile kilichoandikwa pale.